Mguu wa Klachi: Mwongozo Kamili kwa Dereva wa Daladala Aliyepata Ajali

Siku lori la kokoto lilipotusukuma kwa nyuma pale Tabata Relini, na Coaster yangu ikaenda kujibana kwenye tela lililokuwa mbele, nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe. Nikahesabu abiria, nikamsaidia mama mmoja kutafuta kiatu, nikampigia simu tajiri, yaani mwenye gari. Kila aliyefika alinipa pole ileile: "Suka, mshukuru Mungu, umetoka mzima." Goti la kushoto lilikuwa limegonga dashibodi na kuvimba kidogo, basi. Nikapita duka la dawa, nikanunua vidonge, na siku ya tano nilikuwa barabarani, Gongo la Mboto–Makumbusho, kama hakuna kilichotokea.

Goti lilinyamaza miezi saba. Lilipoanza kusema lilisemea kwenye foleni ya Buguruni, saa moja asubuhi, klachi chini, klachi juu, mpaka mguu ukagoma kushuka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina karatasi hata moja inayoonyesha niliwahi kuumia. Sina PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, sina picha, sina cheti. Tajiri akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba goti ni umri tu.

Mimi si daktari wala wakili. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha, ya hospitali na ya ofisi, na ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia nikiwa bado nimesimama kando ya barabara na vumbi la kokoto kichwani.

Hatua ya kwanza: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama unatembea

Mwili uliopata mshtuko hauumi mara moja. Shingo iliyotikiswa kwa nguvu mara nyingi huanza kukaza kesho yake au keshokutwa. Kwa hiyo "sijisikii kitu" ya saa ile usiiamini.

Pitia kituo cha polisi uchukue PF3, uende nayo Amana, Temeke, Mwananyamala au hospitali yoyote iliyo karibu. Kama hali ni mbaya, tangulia hospitali na ndugu au konda afuatilie PF3 nyuma yako. Daktari ataandika humo alichokiona, na hapo ndipo madereva wengi tunapojiponza. Ukiulizwa unaumwa wapi, unataja panapouma kuliko pote, mengine unameza. Taja yote: kidole gumba kilichonasa kwenye usukani, kifua kilichopigwa, sikio linalovuma, goti "lililovimba kidogo". Jeraha lisiloandikwa siku ile, miezi minane baadaye litaitwa la zamani au la mpira wa miguu.

Kabla PF3 haijarudi polisi, ipige picha kwa simu, mbele na nyuma, uitume kwa mtu wa nyumbani. Simu za ajalini hupasuka na nyingine huota miguu.

Kama uligonga kichwa au hukumbuki sekunde za mwisho kabla ya kugongana, liseme hilo kabla ya kuandikisha maelezo polisi, na uombe uandikishe ukishatulia. Dereva aliyechanganyikiwa hujaza mapengo kwa kubahatisha, na maneno hayo yatamfuata.

Mtu wa kulala nawe nyumba moja usiku huo aambiwe dalili za kukurudisha hospitali mbio: kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuongea mambo yasiyoeleweka. Na tahadhari hiyo isiishe asubuhi. Damu inaweza kuvia taratibu ndani ya fuvu na kujitokeza wiki kadhaa baadaye, hasa kwa wenye umri mkubwa, mtu akaanza kuvuta mguu au kusahau majina ya wanawe.

Hatua ya pili: jua mwili wa dereva huumia wapi, na nini hubaki

Ajali ya dereva haifanani na ya abiria. Sisi tuna usukani kifuani, pedali miguuni na dashibodi mbele ya magoti. Kwenye Hiace ndiyo usiseme: umekalia mwanya mdogo juu ya tairi za mbele, na kati ya magoti yako na gari la mbele kuna bati na taa. Gari likijikunja, linaanzia kwenye miguu yako.

Goti. Dashibodi ikigonga muundi chini kidogo ya goti, mfupa husukumwa nyuma na kuchana au kukata ligamenti ya ndani. Kwa nje huoni kidonda. Eksirei huonyesha mifupa tu, kwa hiyo unaweza kuambiwa uko salama wakati ligamenti imechanika. Unakuja kugundua ukishuka ngazi au ukiruka kutoka kwenye gari: goti linalegea, kama bawaba iliyopoteza skrubu. Kwa mtu wa ofisini ni kero. Kwetu, mguu wa kushoto unakanyaga klachi mamia kwa mamia kila siku, na goti lililolegea huisha upesi, kwa sababu mifupa inasuguana bila mpangilio.

Nyonga. Goti likigonga, nguvu hupanda juu ya paja hadi nyonga. Ikichomoka lazima irudishwe haraka, ndani ya saa chache, maana kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa midogo ya damu ambayo ikikatika mfupa huanza kufa. Kinachotisha ni kwamba kufa huko kunaweza kuonekana baada ya mwaka mmoja au hata miwili, wewe umeshasahau. Tena maumivu ya nyonga hupenda kujifanya ya goti au ya kinena. Ukiona goti linauma na kila picha ya goti ni safi, omba nyonga nayo itazamwe.

Shingo na kiuno. Hapa ndipo wengi wetu tulipo. Shingo isiyogeuka vizuri inamfanya dereva ageuze mwili mzima kutazama kioo cha kushoto, na bodaboda wa Dar anajua kujificha palepale usipotazama. Kiuno kilichoumia, ukikirudisha kwenye siti iliyobonyea na barabara ya mashimo, kinatikiswa saa kumi na nne kwa siku. Diski ikibana mshipa wa fahamu, mguu unawaka moto kuanzia tako hadi unyayo, au unakufa ganzi. Mguu wenye ganzi haujui umekanyaga breki kwa kiasi gani. Na ukisikia ganzi sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa vikianza kukushinda, usisubiri Jumatatu. Hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kifua hupona mara nyingi, mbavu ni suala la wiki sita hivi za kulala kwa ubavu mmoja na kuogopa kupiga chafya.

Kichwa ndicho hudanganya kuliko vyote. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, lakini wapo wanaobaki na mambo madogomadogo kwa miezi: taa za magari ya mbele usiku zinachoma macho, kelele za mpiga debe zinakutia hasira isiyo na sababu, unasahau. Rafiki yangu mmoja aliambiwa na konda wake, "Kaka, leo umepitisha vituo viwili, na jana ulinidai hesabu niliyokwishakupa." Hakujiona. Konda ndiye aliyeona, na kama una konda mwenye akili, mwombe akuangalie. Walioumia kichwa vibaya wanaweza pia kupata kifafa miezi au miaka baadaye. Degedege likikupata hata mara moja, shuka kwenye siti ya dereva mpaka daktari aseme. Nyuma yako kuna watu thelathini.

Hatua ya tatu: daftari la shilingi mia tano

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mistari miwili, siyo hadithi. Langu, nililolianza nikiwa nimechelewa, lina mistari kama hii: "Jumanne. Tripu tatu. Goti limeanza kuuma tripu ya pili kwenye mataa ya TAZARA. Nimeshuka gari kwa kushika mlango. Nimemeza vidonge viwili." Au: "Alhamisi. Sijaendesha. Nimeshindwa kuchuchumaa chooni."

Huo mstari wa chooni ndio daktari aliousoma mara mbili. Maneno kama "naumwa sana" hayampi chochote cha kupima, ila "nimeshindwa kuchuchumaa" linapimika. Daktari anayekadiria ulemavu wako huangalia viungo vinafanya nini na vimeshindwa nini, na daftari la miezi sita ni vigumu kulibishia.

Ndani ya daftari hilo bandika risiti zote: nauli ya kwenda kliniki, dawa, magongo. Picha za eksirei usizikunje wala kuziweka juu ya kabati panapopigwa na jua la bati. Zilaze kati ya magodoro kama tunavyohifadhi vyeti.

Hatua ya nne: tiba, na maadui zake watatu

Mfupa uliovunjika vibaya, uti wa mgongo na ubongo, rufaa yake kwa Dar huishia MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Ukishafungwa hogo au kuwekewa vyuma, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kliniki za marudio hatuzipendi kwa sababu zinakula siku nzima ya hesabu, lakini ndizo zinazoonyesha kama mfupa unaunga ulivyonyooka au umeanza kupinda. Muundi uliounga umepinda hulemea kifundo cha mguu, na ukipita miaka kadhaa utakuwa na vifundo vya mzee wa miaka themanini.

Adui wa kwanza ni kuacha mazoezi. Msuli wa mbele wa paja husinyaa ndani ya wiki chache za kutotumika, na msuli huo ndio unaolinda goti. Binti wa fiziotherapia aliyenihudumia alinifungia mfuko wa mchanga wa kilo moja kifundoni na kuniambia, "Baba, nyoosha goti, hesabu mpaka kumi, shusha polepole." Nilicheka. Nilipofika mara ya nane mguu ulikuwa unatetemeka kama injini iliyokosa plagi. Ukiwa nyumbani tumia soksi uliyoijaza mchanga au chupa ya maji, na fanya kila siku, si siku ya kliniki tu.

Adui wa pili ni vidonge vya kujinunulia. Diklofenaki kila siku kwa miezi huleta vidonda vya tumbo na huumiza figo. Tramadoli ni mbaya zaidi kwetu: inaleta usingizi na inazoeleka, na mtu anaanza kuitafuta hata siku asiyoumwa. Dawa yoyote unayopewa, uliza swali moja: "Dokta, nikimeza hii naweza kuendesha?" Zipo za mishipa na za usingizi ambazo jibu lake ni hapana, na kuchanganya na pombe jioni ni kulitafuta kaburi.

Adui wa tatu ni fundi wa mifupa wa mtaani. Siwadharau wazee wetu, lakini kufunga kwa kukaza mfupa ambao haujapigwa picha kunaweza kuzuia damu isipite. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, fungua hiyo kamba na ukimbie hospitali. Nimeona mtu amepoteza mguu ambao ulikuwa umevunjika mahali pamoja tu.

Hatua ya tano: fedha, mkataba na nani anakulipa

Tuanze na lisilopendeza. Bima ndogo ya gari unaloendesha inawalinda watu wengine unaowaumiza, si wewe dereva. Wengi hugundua hili wakiwa kitandani. Kwa hiyo una milango mingine mitatu, na unaweza kugonga zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263, ukaanza kazi Julai 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi senti. Ajali ya kazini itolewe taarifa mapema, kwa mwajiri kwanza, naye aifikishe kwenye mfuko. Ikipita miezi 12 bila mfuko kujua, haki yako inaweza kupotea. Mfuko hugharamia matibabu, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda hulipa asilimia 70 ya kipato chako, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, wa asilimia 30 au chini hulipwa kwa mkupuo, wa zaidi ya 30 hulipwa pensheni kila mwezi. Unaona sasa kwa nini ule mstari wa kuchuchumaa una thamani.

"Lakini mimi sina mkataba." Najua. Aprili 2015 madereva tuligoma nchi nzima, Ubungo pakafungwa, na mikataba ilikuwa miongoni mwa tuliyodai; mpaka leo wengi bado tunapewa funguo na hesabu tu, ile pesa ya kumpelekea tajiri kila siku. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa kama, kwa mfano, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anatumia vifaa vya kazi vya mwenye kazi. Saa 45! Sisi tunazimaliza siku ya nne. Na kifaa cha kazi ni gari zima. Kwa hiyo tunza meseji za simu za kutuma hesabu, tarehe kwa tarehe, na majina ya makonda uliofanya nao kazi. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake.

Mlango wa pili ni tajiri mwenyewe. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ndani ya siku 30 tu. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Usikae kumsubiri tajiri "atulie".

Mlango wa tatu ni bima ya aliyekugonga, kama kosa ni lake. Andika namba ya gari na taarifa za bima yake palepale barabarani, kabla lori halijavutwa. Utahitaji taarifa ya polisi, ramani ya ajali, PF3 na ripoti ya daktari. Kesi ya madai ya aina hii ina ukomo wa miaka mitatu. Kampuni ya bima ikizungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na jihadhari na yule kijana mwenye shati safi anayekuja wodini na karatasi ya kusaini "upate kitu kidogo haraka". Ukisaini kwamba umelipwa yote, nyonga ikifa mwaka ujao ni yako mwenyewe.

Hatua ya sita: hofu

Wanaume wa kijiweni hatuliongelei hili. Mwenzetu mmoja aligonga mtoto. Polisi walimsafisha, kosa halikuwa lake. Tangu siku hiyo kila akifika kwenye kile kivuko anapiga breki, pawe na mtu au pasiwe, abiria wanamtukana. Usiku anaota sauti, siyo picha. Akaanza kunywa ili alale.

Mshtuko wa wiki za mwanzo ni wa kawaida. Lakini ukizidi mwezi mzima ukiwa na jinamizi, kukwepa barabara ile, kushtuka kwa honi, hasira nyumbani na kukosa usingizi, hayo ni maradhi yenye tiba, na tiba yake kubwa ni mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili. Nenda na mkeo au mumeo, kwa sababu ataeleza vitu ambavyo wewe utavificha. Kwenda huko hakukufanyi kichaa, na leseni haichukuliwi mlangoni.

Hatua ya saba: kurudi kwenye usukani

Kinachoturudisha barabarani mapema si ushujaa, ni deiwaka, dereva wa kushika gari kwa muda. Unalala kitandani ukijua kuna mtu anaendesha gari lako, anampelekea tajiri hesabu yote, na pengine anamchekea vizuri kuliko wewe. Basi mchague deiwaka mwenyewe kabla tajiri hajamchagua, awe mtu unayemwamini, na mkubaliane mbele ya tajiri kiasi kidogo atakachokuachia kila siku. Yaandikwe, hata kwa meseji.

Ukisharuhusiwa na daktari, jipime asubuhi ya Jumapili, gari limezimwa, uwanjani. Kanyaga klachi mpaka chini mara hamsini. Kisha kanyaga breki kwa nguvu zote, kama mtoto amekatiza, mara kumi. Geuza shingo utazame vioo vyote viwili bila kuinua tako. Shuka na upande gari mara tano. Ukikunja uso kwa chochote, ongeza wiki mbili.

Ukifaulu, anza na tripu za saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, foleni ikiwa imepungua. Asubuhi na jioni mwachie deiwaka. Siti isogezwe mpaka goti libaki limekunjika kidogo klachi ikiwa chini, na taulo lililokunjwa likae nyuma ya kiuno. Kila mwisho wa njia shuka, tembea kulizunguka gari mara mbili. Watasema unaringa. Wacha waseme.

Wapo ambao hawatarudi, na ni heri ulijue mapema kuliko kulijua Buguruni katikati ya foleni. Gari la gia otomatiki linaokoa goti la kushoto, kwa hiyo udereva wa ofisi au wa shule binafsi unaweza kukufaa. Mimi nasimamia magari mawili ya mtu, naamka saa kumi alfajiri kama zamani, ila sasa naangalia oili na tairi na kusikiliza madereva. Ukilipwa fidia ya mkupuo, usiikimbizie kwenye Hiace chakavu ya kuagizwa na shemeji. Kaa nayo miezi mitatu kwanza.

Na kwenye kalenda ya ukutani, zungushia duara tarehe ileile ya ajali, mwaka mmoja mbele na miwili mbele. Siku hizo rudi hospitali ukapigwe picha ya nyonga na goti hata kama hakuna kinachouma, ukiwa na daftari mkononi.